Diski ya Pili

Alhamisi, baada ya Magharibi

Nimefuta sauti ya bibi. Niandike tu hivyo, maana kumwambia mama nimeshindwa.

Diski ya zamani ilikuwa imeanza kugonga-gonga ndani ya kompyuta. Nikaogopa itakufa na masimulizi yote niliyomrekodi bibi kule Mkange kabla hajafariki. Ndiyo maana leo nikanunua diski ya pili, nihamishie humo. Kuifunga hakukunisumbua. Nilifungua ubavu wa kompyuta, nikakaza skrubu nne, nikachomeka nyaya mbili. Hata nikajisifu.

Kisha kompyuta ikauliza ni diski ipi ifomatiwe, yaani ifutwe yote na kuandaliwa upya. Zote mbili zina ukubwa mmoja. Nikachagua, nikabonyeza ndiyo. Niliposikia ile ya zamani inaanza kugonga, nikajua.

Nilimpigia shemeji Salum, fundi wa kompyuta kule Zinga.

"Una nakala popote pengine?" akauliza.

"Sina, shemeji. Ndiyo nilikuwa nataka kuiweka."

"Izime, usiguse kitu tena. Kesho nitakuja kujaribu. Lakini diski iliyochoka hivyo, shemeji, sikudanganyi."

Miaka ile yote bibi alinisubiri niende na simu yangu kumrekodi, na mimi...

Mama ameingia sasa hivi kuuliza kama wageni wa arobaini watamsikia bibi Jumapili. Nimemjibu, "Inshallah, mama." Ametoka kuwapigia wajomba simu, anawahimiza waje mapema, wasikose. Namsikia huko uani anacheka, mara ya kwanza tangu msiba.