Waliponiuliza Jina Lako

Dada Zuhura,

Salamu zikufikie huko uliko. Sina raha tangu Jumamosi, na mtu wa kumweleza ni wewe tu.

Watu wa serikali walikuja hapa Likoni kuchukua maoni juu ya sheria mpya ya walemavu. Wamesema sheria tulizo nazo nyingi ni za tangu enzi za Mwingereza, na mna maneno mabaya ndani yake. Nikaenda. Lau ungekuwa hai ungetangulia wewe na magongo yako, ukakaa safu ya mbele.

Nikanyoosha mkono, nikasimama. Nilitaka kuwaeleza siku ile askari alipokuzuia kupanda feri, akasema, "Vilema vingoje." Nikaanza: "Mimi nilikuwa na dada yangu, kiwete, amefariki..."

Mwanamke mmoja kwenye kiti cha magurudumu akanikatiza. "Kaka, huyo kiwete hana jina?"

Wallahi, Dada, nilitamani sakafu inimeze. Nikasema "Zuhura" kwa sauti ndogo, hata sijui kama walinisikia. Yeye akawageukia wale wakubwa. "Basi andikeni hivyo. Mtu atangulie, ulemavu ufuate. Mtu mwenye ulemavu. Sheria ikituita vitu, askari atatungojesha kama mizigo."

Nikakaa. Habari ya feri sikuimaliza. Ningemlaumu vipi askari yule? Yeye alikuita hivyo mara moja; sisi nyumbani, miaka yote. "Kiwete wetu." Mgeni akipotea njia, "Ulizia kwa kiwete." Nawe ukiitika "Abee," ukicheka, nami nikidhani ni mapenzi. Wewe uliyenifundisha hesabu pale barazani! "Nikopeshe miguu, nami nikukopeshe akili," ukisema, kisha nikikupakia kwenye baiskeli hadi Mtongwe kwa shangazi.

Nilimweleza Mama. Alikuwa akichambua mchele. Akasema, "Jina hilo nililianza mimi. Wewe hujazaliwa. Nikiona haya kwa majirani, nikalisema mimi kabla hawajalisema wao." Akajifunika uso kwa leso. Aibu yake na yangu ni moja.

Jana tulikusomea hitima. Mwalimu aliyeongoza dua akauliza anamwombea nani. Jirani akawahi, "Ni yule ki..." Mama hakumwacha amalize. "Zuhura binti Omari," akasema, mbele ya watu wote, machozi yakimtoka.

Sheria yenyewe bado. Huenda wakubwa wakaikalia miaka. Nami sijui kama wewe ulitusamehe, au ulikuwa ukicheka tu ili tusione haya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwaheri, dada yangu. Mola akukunjulie kaburi lako, akupe nuru humo. Siku sheria hiyo itakaposomwa nitakwenda kuisikiliza, neno kwa neno. Wakikuita kitu nitasimama tena, na safari hiyo sitakaa mpaka nimalize.

Nduguyo mdogo,
Athumani