Papa Kasongo Hasimulii Bila Mtani

Jumapili, Novemba 1995. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na mimi nimekasirika tangu saa nne.

Nimerudi kutoka kwa Papa, mtaa wa Laeken, na kaseti tupu. Hii ni ya tatu.

Alhamisi wanampasua Papa Kasongo koo, na daktari ametuambia wazi kwamba huenda sauti isirudi. Yeye ni kaka mkubwa wa marehemu baba, na hapa Brussels simjui mwingine anayejua habari za kwetu: nani alifika kwanza, kwa nini kijiji kilihama mara mbili kufuata chumvi, nani alikataa kuwabebea Wazungu mizigo. Wilaya yetu ni ndogo, huko kusini mwa Katanga, na ramani niliyonunua haiioneshi. Kitabu hakuna. Kuna yeye tu.

Nabonyeza kitufe cha kurekodi, ananyamaza.

"Miye peke yangu nitadanganya tu, mwana yangu. Leta muntu wa Uyoga anibishie. Bon, hapo nitasema."

Ndivyo tulivyo. Sisi wa ukoo wa Mvua tuna watani wetu, ukoo wa Uyoga, na mzee hasimulii habari za zamani mpaka mtani awe ameketi hapo kumtukana na kumsahihisha. Simulizi isiyobishiwa kwetu haihesabiki. Tunabishana hata msibani. Nilipokuwa mdogo niliona fahari. Leo natamani tungekuwa watu wa kukaa na kusema, mara moja tu.

Nimemwambia mashine itamsikiliza. Amecheka hadi akakohoa. "Alors, mashine itanibishia?"

Nimeondoka nikabamiza mlango. Naona aibu kuandika hivyo.

Kinachoniudhi ni kwamba mtu wa Uyoga namjua. Katika mji huu wote namjua mmoja: Donatien, aliyekuwa mume wangu, anayenyoa watu nywele pale barabara ya Chaussée de Wavre. Tangu tuachane mwaka jana hatujasemezana, na kila siku nazunguka kwa Chaussée d'Ixelles nisipite mbele ya dirisha lake. Papa anajua yote haya. Hajamtaja jina hata mara moja, mzee mjanja yule.

Najua Donatien hatakataa. Atakuja akicheka, atamwita Papa mwongo kabla hajavua koti, na Papa atafunguka. Halafu maisha yangu yote, kila nitakapotaka kumsikia Papa, nitamsikia na yeye.

Kesho nitapita Chaussée de Wavre.