Mtani Aliyerukia Kaburini

Mke mwenzangu Rehema,

Hujambo huko Dar? Sisi huku Bigwa tunaendelea. Mama yako anavuna mpunga, na magoti yangu ndiyo hayo hayo. Umeniuliza kama muuaji anyongwe. Nikujibu kwa hili, ambalo hata babu yako sikumwambia.

Enzi za Mjerumani nilikuwa binti mwenye haya, ila Kijerumani nilikijua, nimekisoma misheni. Mjomba wangu alikutwa amekufa mtoni. Tulipokuwa tunamzika, Mloka, mtani wa ukoo wetu, akarukia kaburini akakaa.

“Nimemuua mimi, mchoyo huyu wa pombe. Nipeni kuku nitoke.”

Tukacheka huku tunalia; ndiyo kazi ya mtani msibani. Askari mmoja mgeni, asiyejua utani wetu, hakucheka; akamkamata.

Bomani, Mzungu akamuuliza Mloka kama kweli alisema vile.

“Nilisema, bwana. Si nilikuwa namtania marehemu?”

Mkalimani, naye mgeni, akamfikishia Mzungu kwamba amekiri, basi. Mloka akanigeukia niliposimama mlangoni na ndugu zangu, anatabasamu. “Mchumba,” akaniita kama alivyozoea kunitania, “si unakijua Kijerumani chao? Waambie.”

Nikainamisha macho. Wakamnyonga.

Mpaka leo, nikipita pale mtoni alipozoea kunitania, natamani niisikie sauti yake: “Mchumba, umenipikia nini?” Watani wetu siku hizi huja msibani wakakaa kimya kama wakwe.

Nikifa, tafuta mtani aseme kaniua yeye. Ucheke. Na akiwepo mgeni asiyecheka, usiiname kama mimi, mweleze.

Bibi yako