Cha Asubuhi cha Kulwa, cha Jioni cha Doto

Mama yangu,

Shikamoo. Najua barua hii anakusomea Shija, kwa hiyo na wewe Shija, hujambo mdogo wangu? Soma polepole, na ukifika pabaya usiruke. Mama, mgongo unaendeleaje? Mpunga wa Mwamkulu mmeshauingiza ndani, au ng'ombe wa watu wameuwahi tena? Mimi huku Ujerumani mwili mzima. Bado niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nakunja mashuka mpaka nikilala nayaota. Moyo ndio mgonjwa, mama. Nimelia wiki hii kama mtoto.

Sista aliyeleta kifurushi chako anarudi nyumbani, ndiye anayebeba barua hii. Simu sikuitaka. Tukianza kuongea wewe unalia, mimi nalia, mtandao unakata, na hili linataka kusikilizwa mpaka mwisho.

Kwanza asante. Karanga zimefika, asali ya Inyonga imefika haikumwagika hata tone. Na lile kopo la maziwa ya unga nililifungua nikidhani umeniwekea dagaa wa Tanganyika. Nikakuta vidonge vimefungwa kwenye kipande cha khanga yako ya zamani. Nikampigia Shija, akacheka: "Mama anasema ni vya kwako. Kila siku cha asubuhi anameza Kulwa, cha jioni anakuwekea wewe." Nikacheka na mimi. Nikasema mama huyu! Pacha mmoja yuko ng'ambo na bado anatugawia sawasawa.

Maana ndivyo ulivyotulea. Kulwa akinunuliwa kaptula, na Doto kaptula. Doto akichapwa, na Kulwa anapata kimoja cha kumfariji mwenzake. Unakumbuka ile klorokwini? Malaria aliumwa yeye, mimi mzima kabisa natembea, ukanikamata ukaninywesha. Nikawashwa mwili mzima, najikuna kwenye nguzo ya zizi kama ndama, na Kulwa mwenye homa yake amelala mkekani anacheka hadi anakohoa. Ulisema mapacha ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, aliyenyimwa anaugua. Nilikuamini. Kopo lile nikaliweka dirishani, kila nikiliona nikawa nasikia kama niko nyumbani.

Sasa nikueleze ile habari ya picha. Hospitali hii kuna watafiti wanaochunguza ubongo wa watu wenye ugonjwa kama wa Kulwa, wa kusikia sauti na kuona watu wanamfuata. Wanawatafuta pia ndugu zao ambao hawajaugua. Nilipowaambia mimi ni pacha wake, macho yaliwatoka. Nikakubali, mama, nikakuahidi kwenye simu kwamba nitakuletea picha inayoonyesha ugonjwa umekaa wapi, ili baba mdogo aache kutafuta nani kamroga mtoto.

Walinilaza kwenye ubao mwembamba, kichwa wakakifunga ndani ya kitu kama kizimba, wakanisukuma ndani ya tundu. Mashine inapiga kelele kuliko ile ya kukobolea mpunga pale Kashaulili. Waliniambia nisitikisike hata kidogo. Basi nikaanza kulia, machozi yananiingia masikioni, na siwezi kujifuta. Nikamwazia Kulwa. Shija aliniambia baba mdogo amemfunga kamba ya ng'ombe kwenye nguzo, na mikono imechubuka, na nzi wanamtua usoni. Mimi nilipewa mpira mdogo mkononi, nikiubana tu wanakuja kunitoa. Kulwa akikunja ngumi pale zizini, anakuja nani?

Ubongo wangu nimeuona. Umejikunjakunja kama utumbo wa mbuzi, nikacheka mwenyewe. Nikamuuliza daktari, haya, ugonjwa wa ndugu yangu unakaa wapi hapa? Akaniambia ukweli. Picha ya mtu mmoja haiwezi kuonyesha hilo. Wanalinganisha za watu wengi sana, wagonjwa, ndugu zao na wengine, wakitafuta tofauti ndogondogo, na kazi bado mbichi. Nikamuuliza, na mimi je, utanipata? Akasema kwa kuwa ni pacha wake, hatari ninayo kuliko watu wengine, lakini hatari siyo ugonjwa, na picha haitabiri. Kwa hiyo mama, ile ahadi imekufa. Sina picha ya kumfunga mdomo baba mdogo. Niliumia, lakini hilo siyo lililoniliza wiki nzima.

Baada ya picha kulikuwa na muuguzi wa kuniuliza maswali ya ukoo. Alitaka jina la dawa ya Kulwa, nami nilikuwa nimebeba lile kopo. Akakisoma kidonge, akaniuliza kwa nini ninavyo mimi. Nikamweleza habari za mapacha, nacheka, nikidhani na yeye atacheka. Hakucheka. Akasema, "Alitakiwa ameze viwili kwa siku. Amekuwa akimeza vingapi?"

Mama. Hilo ndilo lililoniliza.

Usijipige kifua, nakuomba. Mkosaji hayupo hapa. Umegawa kwa upendo ule ule ulionipa mimi klorokwini. Lakini dawa haikushindwa, mama. Imefanya kazi nusu kwa sababu imepewa nusu. Nasikia mmekubaliana kwamba hospitali imeshindwa, na mpunga ukishauzwa mnampeleka kwa mganga kule Mishamo. Nawapigia magoti, nyie wote, msimpeleke. Mfungueni Kulwa. Mrudisheni kwa daktari wa Mpanda, mwambieni bila aibu kwamba alikuwa anameza kimoja, yeye ndiye apange upya. Lile kopo nalirudisha kwa mkono wa Sista, vidonge vyote vimo, mpelekeeni daktari. Msimpe kwa mpigo ati kufidia, vitamdhuru.

Najua utakachoniambia. Shija amenieleza kwamba Kulwa mwenyewe hafungui mdomo mpaka aone kimoja kimewekwa kando. Anauliza, "Cha Doto kiko wapi?" Hata kamba ikiwa mkononi anauliza. Na mara ya mwisho mliponipa simu niongee naye, aliniambia, "Doto alishakufa, wewe nani?" Sijamwambia mtu huku maneno hayo, mama. Nayatembeza tu kifuani, nakunja nayo mashuka.

Sasa fanya hivi. Chukua punje ya mahindi, iweke kwenye kopo jipya mbele ya macho yake, mwambie hiki cha Doto. Halafu yeye ameze vyake vyote kama daktari atakavyosema. Siyo kumdanganya. Karanga zako nimezitenga kwenye chupa, na kila asubuhi na kila jioni nameza moja. Nimeshaanza. Hakuna atakayenyimwa.

Nisalimie bibi, mwambie meno yangu bado yote. Nisalimie katekista wetu, aniombee. Na baba mdogo, shikamoo yake ifike. Simchukii, najua naye anaogopa, ila kamba ile airudishe kwa ng'ombe.

Na Kulwa, msalimie wa mwisho, ukiwa umekaa karibu naye. Mwambie Doto hajafa. Mwambie ameshameza cha kwake, anamsubiri yeye.

Ni mimi mwanao, niliyemfuata mwenzangu kutoka tumboni mwako,

Doto