Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

Jumapili jioni, Februari. Hapa Ishiara jua limetuunguza leo. Hata kuku wamejilaza chini ya gari bovu la jirani, midomo wazi. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na simu mkononi, kwa sababu ndani ya nyumba kuna watu wawili ambao siongei nao.

Mnaonisoma hapa mnajua mimi ni mtu wa shaka. Nikiuziwa kitambaa, nakipima upya mbele ya aliyeniuzia. Mume wangu Njeru husema nikifika mbinguni nitaomba kwanza nione choo. Acha aseme.

Safari hii shaka yangu ilikuwa juu ya mtoto. Igoki ana miezi minane. Anakaa mwenyewe, anapiga makelele ya "ba-ba-ba" na "da-da-da" mpaka mate yanamlowesha kifua, lakini ukimwita jina lake hageuki. Mtoto wa mwenzangu wa sokoni, wa karibu umri mmoja naye, akisikia jina lake anainua kichwa kama kuku aliyesikia mahindi yakimwagwa. Wangu namwita Igoki, Igoki, Igoki, anaendelea kutafuna kijiko.

Nilianza kushuku masikio. Kisha nikashuku redio ya mama mkwe, ambayo hufunguliwa kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Nikamshuku hata mama mmoja wa kanisani aliyemsifu mtoto sana siku ya ubatizo. Usiku nilikuwa najiuliza kama nitaweza kumlea mtoto asiyesikia, na nilikuwa naogopa jibu.

Jina lenyewe ni la mama yangu. Alifariki mimba ikiwa kubwa, hakuwahi kumshika mjukuu wake. Kwa mila ya huku msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa mume, wa upande wetu angekuwa wa pili. Niliomba tubadilishane zamu. Njeru alikubali. Mama yake, anayeitwa Ciarunji, na ndiye anayebaki na mtoto nikienda kushona, alisema tu "ni sawa" huku akiangalia nje. Ile "ni sawa" ningeishuku siku ile ile, lakini nilikuwa na kilio changu na nililitaka lile jina kuliko kitu chochote.

Alhamisi nikampeleka kliniki. Nesi alitikisa kopo lenye punje za mahindi nyuma ya kichwa cha mtoto, mtoto akageuka. Nesi akapiga makofi upande wa pili, mtoto akageuka tena.

"Masikio ni poa kabisa, mama. Lakini huyu mnamwitanga nani nyumbani?"

"Igoki. Ataitwa nani tena?"

"Nauliza tu. Mtoto hushika jina lenye anaskia kila siku."

Nilirudi nimekasirika. Kuulizwa jina la mtoto wangu mimi niliyemzaa! Lakini swali lile lilinifuata mpaka kwenye cherehani, nikashona mkono wa shati la shule ndani nje.

Nikaanza kuwaangalia watu wa nyumba yangu. Njeru humwita mtoto "mrembo", humwita "madam", humwita "boss". Sikumbuki lini nilimsikia akisema Igoki. Mtaa mzima unaniita Mama Igoki, mama mkwe peke yake ananiita mama mtoto. Na jioni nikifungua mlango, huwa amekatiza katikati wimbo anaomwimbia mtoto.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Leo baada ya ibada tulikuwa tunakula chapati na ndengu. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, ametugeuzia mgongo, anagonga kifuniko cha sufuria. Sasa, mwelewe jambo moja: huku mke wa mtu hatamki jina la mama mkwe. Ni afadhali umrushie kiatu. Tangu niolewe sijawahi kulitoa mdomoni.

Nikaweka sahani chini, nikaita: "Ciarunji!"

Mama mkwe hakushtuka. Hakuniuliza kama nimerukwa na akili. Aliendelea kukata chapati yake.

Aliyegeuka ni mtoto. Aligeuka mwili mzima mpaka akayumba, akaegemea mkono, akanichekea na meno yake mawili.

"Usimwite kwa nguvu hivyo," mama mkwe akasema kwa Kimbeere, "utamtisha."

Nikiri ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Anasikia! Ana jina na analijua! Nilikaribia kumbeba na kucheza naye pale pale. Hasira ilikuja baadaye kidogo, lakini ilikuja na ukoo wake wote.

Njeru alikuwa ameinamia ndengu zake. Nilimuuliza imeanza lini. "Si kwa cheti ni Igoki?" akasema. "Mama amezeeka, muache tu afurahi." Kwa hiyo alijua. Mama yake naye hakuomba msamaha. Alisema wa pili nitamwita nitakavyo, lakini yeye hana uhakika kama atakuwepo wa pili akija. Aliyasema kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu namwelewa. Leo sitaki kumwelewa.

Yeye yuko hai, akiitwa anaitika. Mama yangu hana mtu mwingine wa kuliitikia jina lake.

Nimeamua. Kesho mtoto anakwenda nami dukani ninakoshona. Nitamtandikia kwenye karai kubwa la vitambaa, karibu na mguu wangu, na nitamwita Igoki kutwa nzima, wateja waniambie nimechanganyikiwa.

Kabla sijaanza kuandika haya nilikuwa namnyonyesha hapa hapa kwenye ngazi. Nilimwita Igoki. Alikuwa anachezea kifungo cha blauzi yangu, macho kwa kuku. Nikamwita tena, nikambembeleza kwa jina hilo, nikaliimba. Hakuna. Na mimi nilikuwa nimechoka, nilitaka tu aniangalie usoni.

Nikasema lile lingine, polepole, wasinisikie ndani.

Akaachia ziwa, akaniangalia.

Mama yangu, ningefanyaje?