Deki ya Adeng kutoka Amerika

Bilha, uko? Leo nimeaibika mpaka sijui uso wangu niuweke wapi.

Adeng amerudi kutoka Amerika na deki ya video na kanda moja ya kaka yake, yule aliyefariki huko. Mama yao hakumwona tena tangu kijana huyo alipokimbia vita. Wakaniita nyumbani kwao, mtaa wa Kator, niwaunganishie, si unajua mimi ndiye fundi wa kila mtu.

Adeng akaniambia, "Aleer, hii ni ya volti 110, tumia transfoma." Nikamjibu mbele ya kina mama wa kanisa, "Hayo ni mambo ya waoga."

Bilha, nilisema hivyo. Nikachomeka moja kwa moja kwenye umeme wa jenereta, volti 240.

Picha ilitokea bila rangi, ikitetemeka. Kaka yake akaangalia kamera, akafungua mdomo. Halafu moshi.

Nikavuta kanda kwa nguvu isiungue, ikakatika mkononi mwangu. Hawana nyingine.

Adeng alitoka nje tu. Mama yao akanishika mkono, akauliza polepole, "Aleer, alikuwa anataka kusema nini?"

Nikamwambia sijui, mama. Hakuniachilia mkono. Alikuwa bado anasubiri.