Matone ya Dada Furaha

Jumanne, 14 Agosti 2018

Hospitali wamenirudisha bila dawa. Wiki mbili nimekula chakula kisicho na chumvi ya iodini, ili mabaki ya tezi ya shingo iliyokatwa yaone njaa ya iodini, yameze ile yenye mionzi, na saratani ife. Leo daktari akasoma vipimo.

“Mwili umejaa iodini. Hata nikikupa, tezi haitaipokea. Umekunywa nini?”

Dada Furaha, aliyenisindikiza, akaangua kilio. Kumbe kila asubuhi ananitilia kwenye uji matone ya iodini aliyouziwa mtaani Hillbrow kama dawa ya rovu.

“Nilitaka upone, mdogo wangu.”

Nisubiri miezi miwili tena. Na uvimbe huu uliobaki shingoni, je…

Nimeshindwa kumgombeza. Yuko jikoni ananipikia bugali, na mimi, Mungu anisamehe, naogopa kula.